Katriji na joto la kaskazi: kisa cha pleya moja ya santuri Mombasa

Tatizo lilikuwa na saa zake. Asubuhi santuri zinaimba vizuri. Ikifika saa tisa alasiri besi inavimba, sauti ya mwimbaji inazama nyuma ya ala, koni za spika zinaingia na kutoka hata mahali pasipo na ngoma, na sindano inaruka kwenye santuri zilezile zilizopita salama kabla jua halijapanda. Hali hii ilianza Januari, kaskazi ikiwa imeshika, ikazidi Februari na Machi, miezi ambayo Mombasa mchana hufika nyuzi 32 au 33 za Selsiasi kivulini, na unyevu wa bahari juu yake.

Mwenye pleya ni mzee wa Mji wa Kale, mstaafu wa bandari. Santuri zake nyingi ni zile ndogo za inchi 7, za mizunguko 45 kwa dakika: taarab ya akina Zein l'Abdin na Juma Bhalo, baadhi zikiwa na lebo ya Mzuri iliyotoka kwa Assanand wa Mombasa, pamoja na dansi ya Nairobi ya miaka ya 1970. Nayataja haya kwa sababu yana nafasi katika uamuzi wenyewe. Nyimbo nyingi za enzi hizo hazikuwahi kutolewa upya. Sindano ikiruka huacha kovu kwenye ukuta wa mfuo, ule mstari uliochimbwa ambao sindano inaufuata, na kovu hilo halitibiki.

Kabla sijaitwa alikuwa ameshapewa maelezo na dawa. Aliambiwa katriji, kile kisanduku kidogo mwishoni mwa mkono kinachobeba sindano, inapata moto kwa msuguano: sindano inasugua plastiki muda wote, joto linapanda kwenye kijiti kinachoshika sindano mpaka kwenye koili, ule waya wa shaba uliozungushwa ndani ya katriji, na sauti inaharibika. Dawa ikawa kichwa kipya cha mkono, yaani kile kishikio ambacho katriji inafungwa chini yake, kipande kizito cha aluminiamu chenye mapezi mfano wa yale ya kupozea transista, ili kivute joto kutoka kwenye katriji. Akakinunua, akakifunga, na hali ikawa mbaya kuliko mwanzo.

"Mwanangu, nimeipoza, nayo ndiyo inazidi kuugua," aliniambia.

"Ami, tuipime kwanza. Usinunue kitu kingine mpaka tujue joto linatoka wapi."

Pleya ni Technics SL-1200MK2, ile ambayo mota yake inazungusha sahani moja kwa moja bila mkanda. Mkono una umbo la S, na kichwa kinatoka kwa kulegeza pete, jambo linalorahisisha sana majaribio. Sahani ilikuwa inazunguka sawasawa na beringi za mkono hazikuwa na mchezo. Katriji ni ya aina ya sumaku inayosogea, yaani kijiti kinatikisa sumaku mbele ya koili zilizotulia, yenye uzito wa gramu 7 na kidogo, inayotaka sindano ikanyage kwa gramu 1.8. Ni katriji nzuri. Kila kipande kilikuwa kizuri kikiwa peke yake, na hiyo ndiyo sababu kisa hiki kinafaa kuelezwa kwa urefu.

Joto linatoka wapi

Nilianza na msuguano, kwa kuwa ndiyo hoja aliyouziwa. Hesabu yake ni fupi. Sindano ikikanyaga kwa gramu 1.8, nguvu yake ni kama nyutoni 0.018. Msuguano wa almasi kwenye vinaili ni takriban theluthi ya nguvu hiyo au pungufu, tuseme nyutoni 0.005. Santuri ya inchi 7 kwa mizunguko 45, pale ukingoni, inapita chini ya sindano kwa kasi ya kama sentimita 40 kwa sekunde. Zidisha, unapata takriban miliwati 2. Hilo ndilo joto lote la msuguano, na sehemu kubwa yake inabaki kwenye santuri inayopita. Pleya yenyewe inakula wati 13.5 kutoka kwenye soketi, maelfu ya mara zaidi.

Ni kweli kwamba pale ncha ya almasi inapogusa ukuta wa mfuo joto linaweza kupanda ghafla, kwa sababu eneo la mguso ni dogo mno na shinikizo ni kubwa. Lakini ni la kitambo kidogo tu, mfuo unapita, na almasi inapitisha joto haraka kuliko shaba. Miliwati 2 haziwezi kupasha moto katriji ya gramu 7 kwa kiwango cha kusikika. Kwa hiyo kichwa chenye mapezi hakikuwa na kazi ya kufanya. Kipoza joto kinapeleka hewani joto linalozaliwa ndani ya kifaa. Kama ndani hakuzaliwi kitu, basi katriji inakaa kwenye joto la hewa iliyoizunguka, iwe imefungwa kwenye aluminiamu, mbao au plastiki.

Baada ya hapo nikapima hewa yenyewe. Kipimajoto cha kulenga kwa mwanga kinadanganya kwenye chuma kinachong'aa, kwa sababu kinasoma joto linaloakisiwa kutoka kwingine, hivyo nilibandika kipande cha tepu ya karatasi juu ya kichwa cha mkono na kingine kwenye mkeka wa sahani, nikalenga hapo. Chumbani, kivulini, ilikuwa nyuzi 32. Chini ya kifuniko cha plastiki kilichofungwa, jua la magharibi likiingia dirishani, tepu ya kwenye kichwa ilikaribia 42. Pleya ilikuwa imewekwa juu ya amplifaya, moja kwa moja juu ya matundu yake ya kutolea joto, na upande wa nyuma wa chasisi ulikuwa wa moto ukiugusa kwa kiganja. Transfoma ya pleya yenyewe, iliyomo ndani ya chasisi, nayo inachangia kidogo.

Kwa hiyo jua lilikuwa linapitia kifuniko, linapiga mkeka mweusi, hewa inapata moto na haina pa kutokea. Amplifaya inasukuma joto lake kutoka chini. Katriji iko katikati. Hakuna kipuri cha dukani kinachoshinda mpangilio huo.

Koili zenyewe nilizitoa katika lawama mapema. Upinzani wa shaba unapanda kwa takriban asilimia 0.39 kwa kila nyuzi moja. Kutoka nyuzi 27 za asubuhi hadi 42, ni kama asilimia 6. Katriji za namna hii zina upinzani wa koili wa mamia ya omu hadi omu elfu moja na kitu, wakati amplifaya inazipokea kwa omu 47,000. Nyongeza ya omu 80 mbele ya 47,000 sikio haliisikii.

Uzito wa sindano nao nilipima kwa mizani ndogo asubuhi na alasiri. Ulikuwa uleule. Mkono huu unapata uzito wake kwa jiwe la nyuma peke yake, hauna springi inayoweza kulegea, na jiwe halijali hali ya hewa.

Raba

Kilichobaki ni raba. Toa sindano ya katriji ya sumaku uitazame kwa lenzi ya fundi saa: mbele kuna almasi iliyokaa kwenye ncha ya kijiti cha aluminiamu, kijiti kinarudi nyuma kwa mwinamo, na pale kinapoingia kwenye plastiki kinapita katikati ya pete nyeusi ya raba, ndogo kiasi kwamba ukiwa na haraka huioni. Sumaku imekaa nyuma yake. Pete hiyo ndiyo inayobeba kila kitu. Inafanya kazi ya springi, inakirudisha kijiti katikati, na wakati huohuo inafanya kazi ya breki, inazuia kijiti kisiendelee kutetemeka baada ya noti kupita.

Raba ikipata joto inalainika. Springi inakuwa nyepesi na breki nayo inapungua. Mtengenezaji anaweka namba zake kwa joto la chumba cha kawaida huko kwao, nyuzi ishirini na kitu, na namba hizo ni za kweli kwa chumba hicho. Kwenye nyuzi 42 unatumia katriji nyingine, ingawa jina na rangi ni zilezile.

Dalili inaonekana kwa macho. Nilichuchumaa kando ya sahani alasiri, tochi ikimulika kutoka upande wa pili, lenzi jichoni. Kijiti kilikuwa kimelala, mwinamo wake umepungua waziwazi ukilinganisha na asubuhi, na tumbo la katriji lilikuwa karibu kugusa santuri. Kila santuri iliyopinda ilipoinuka, nafasi kati ya tumbo na vinaili ilikaribia kwisha. Ukiona hivyo, simamisha muziki. Tumbo likigusa, sindano inabebwa juu ya mfuo na ikishuka inashukia popote.

Ukipandisha nguzo ya mkono kwa ile pete yake ya kurekebisha urefu, ambayo kwenye mashine hii ina nafasi ya milimita 6, unarudisha mwinamo wa mkono. Huongezi nafasi chini ya tumbo, kwa sababu sindano bado inabeba uzito uleule kwa raba ileile iliyolegea.

Mkono na raba vinavyotikiswa pamoja

Hapa ndipo kichwa chenye mapezi kilipoingia kwenye kesi kama mshitakiwa.

Mkono na katriji vinaning'inia juu ya raba. Kitu chochote chenye uzito kilicho juu ya springi kina kasi yake ya asili ya kutikisika. Uzito ukiongezeka, kasi inashuka. Springi ikilainika, kasi inashuka. Kwa pleya ya santuri tunataka mtikisiko huo wa asili uwe kati ya mara 8 na 12 kwa sekunde. Juu ya hapo unaanza kuingilia muziki wa chini kabisa. Chini ya hapo unakutana na mawimbi ya santuri iliyopinda na hatua za watu sakafuni, na kila wimbi linapokelewa na kukuzwa.

Kanuni ya fundi ni hii: chukua uzito tendaji wa mkono kwa gramu, jumlisha katriji na skrubu zake, zidisha kwa unyumbufu wa raba (namba inayoonyesha raba inavyokubali kupinda; ikiwa kubwa, raba ni laini), tafuta kipeuo cha pili, kisha gawa 159 kwa jibu hilo. Uzito tendaji si uzito wa mkono mzima kwenye mizani. Ni ule ambao sindano inauhisi pale mbele. Kwa mkono wa SL-1200MK2 ni gramu 12 pamoja na kichwa chake cha asili cha gramu 7.5.

Katriji ya mzee ina unyumbufu wa 20. Kwa kichwa cha asili: 12 za mkono, 7 na kidogo za katriji, skrubu, jumla kama 20. Mara 20 ni 400, kipeuo 20, na 159 gawa kwa 20 ni karibu 8. Iko pale mlangoni kabisa. Katika chumba cha nyuzi 22 inakubalika, na watu wengi duniani wanaitumia hivyo kwa furaha.

Sasa weka kichwa chenye mapezi. Nilikipima: kilikuwa kizito mara mbili ya kile cha asili. Gramu 7.5 za ziada, na zote ziko mbele kabisa ambako kila gramu inahesabika kamili. Jumla inakuwa 27.5, na mtikisiko unashuka hadi 6.8 hata kabla joto halijaguswa. Chukulia kwamba alasiri raba imelainika kwa theluthi moja, unyumbufu ukawa 27: tunafika 5.8.

Sikutaka kubaki na makisio. Niliweka santuri ya kupimia, ile yenye sauti za chini kabisa zinazoshuka polepole huku mtangazaji akitaja namba. Asubuhi mkono ulianza kutikisika karibu na 7. Alasiri ulipita 7 kimya, ukapita 6 ukiwa umeanza kuyumba, na chini kidogo ya hapo kichwa kikacheza kushoto na kulia kiasi cha kuonekana ukiwa umesimama. Mzee aliona kwa macho yake. Kipuri alichonunua kwa ajili ya joto hakikuondoa joto hata nyuzi moja, na kiliusogeza mkono mahali ambapo joto linaumiza zaidi.

Kuna jambo moja la santuri za kwetu ambalo sioni likisemwa vya kutosha. Santuri kubwa inazunguka kidogo zaidi ya nusu mzunguko kwa sekunde. Ile ndogo ya 45 inazunguka robo tatu ya mzunguko kwa sekunde, theluthi moja na ushei haraka zaidi. Kama imepinda kwa mawimbi manane kuizunguka, kwenye santuri kubwa ni mara 4.4 kwa sekunde, na kwenye ndogo ni mara 6 kamili. Mwenye maktaba ya santuri ndogo zilizokaa miaka hamsini kwenye joto la pwani anahitaji mkono unaotikisika juu zaidi kuliko mwenye santuri kubwa zilizonyooka. Mtikisiko wa 5.8 na mawimbi ya 6 vimekutana uso kwa uso. Ndiyo koni za spika zilikuwa zikienda mbele na nyuma bila ngoma, ndiyo besi ilivimba, maana amplifaya ilikuwa inamwaga nguvu zake kwenye kitu ambacho hakimo kwenye wimbo.

Kuchagua vipuri

Kabla ya kununua chochote, tuliihamisha pleya. Ilitoka juu ya amplifaya ikaenda kwenye rafu yake yenyewe upande wa ukuta usiopigwa na jua, usawa wake ukapimwa upya kwa pima maji, na kifuniko kikawa kinaondolewa kabisa wakati wa kupiga, kisha kinarudishwa usiku kuzuia vumbi. Kwa hilo peke yake tepu ya kwenye kichwa alasiri ilishuka hadi 33, sawa na hewa ya chumba. Nyuzi tisa, bila shilingi.

Lakini 33 bado si 22, na kaskazi itarudi kila mwaka. Hapo ndipo uchaguzi wa vipuri unapoanza kuwa na maana. Msimamo wangu katika hili ni thabiti: katika nyumba isiyo na kiyoyozi pwani, vipuri vya pleya havichaguliwi kwa uwezo wa kupoza. Vinachaguliwa ili raba ikilegea, mkono ubaki ndani ya 8 hadi 12.

Kichwa cha mapezi kikatoka, cha asili kikarudi. Kwenye kichwa cha mkono natazama uzito, ugumu, na zile pini nne za nyuma. Hewa ya chumvi inazila pini polepole, na mgusano mbovu unaleta upande mmoja kupotea, ambao watu huusingizia joto. Nilizisafisha kwa kifutio cha penseli na spiriti safi, nikazikausha, nikarudisha. Mbao, magnesiamu, aluminiamu, kaboni: kwa joto havina tofauti ya kusikika.

Katriji ilikuwa na njia tatu. Ya kwanza ni kubaki na ileile na kichwa chepesi. Kwa nyuzi 33, raba ikiwa imelegea kiasi, hesabu inatupa 7 na kitu. Bora kuliko awali, lakini bado ni chini ya mlango, na kwa santuri hizi zilizopinda sikuridhika.

Ya pili ilikuwa Denon DL-103, katriji ya Kijapani ya koili inayosogea iliyobuniwa miaka ya 1960 kwa ajili ya NHK, shirika la utangazaji la Japani. Naipenda kwa kazi hii. Raba yake ni ngumu, inakanyaga kwa gramu 2.5, ina sindano ya mviringo inayosamehe santuri zilizochoka, na uzito wake wa gramu 8.5 unaukubali mkono huu. Unyumbufu wake umeandikwa 5, na hapa mnunuzi awe macho. Watengenezaji wa Japani hupima kwa mitetemo 100 kwa sekunde, wa Ulaya mara nyingi hupima kwa 10, na raba huonekana ngumu zaidi inapotikiswa haraka. Namba ya Kijapani izidishe kwa kati ya 1.5 na 2 kabla ya kuiweka kwenye kanuni. Hata hivyo DL-103 inapata mtikisiko wa karibu 11, na joto likiila theluthi inabaki juu ya 9. Kilichoizuia ni mambo mawili. Inatoa milivolti 0.3 tu, kwa hiyo ingehitaji hatua nyingine ya kukuza sauti ambayo amplifaya ya mzee haina. La pili lina uzito zaidi kwangu: sindano yake haichomoki. Raba ikizeeka, na kwenye joto, chumvi na unyevu raba zinazeeka mapema, katriji nzima inakwenda kwa fundi wa kuifungua au inabadilishwa.

Ya tatu ndiyo tuliyochukua: mwili wa Audio-Technica wa familia ya AT-VM95. Gramu 6.1, inakanyaga kwa gramu 2, unyumbufu wa karibu 7 kwa kipimo cha Kijapani ikiwa na sindano ya mviringo au ya duaradufu, sawa na 12 au 13 kwa kanuni yetu. Jumla ya uzito 19, mara 13 ni 247, kipeuo 15.7, na jibu ni 10. Raba ikilegea kwa theluthi tunabaki karibu 8.8. Yaani siku mbaya kabisa ya Machi inaikuta mahali pazuri kuliko siku njema ya ile katriji ya kwanza.

Na sindano inachomoka kwa vidole. Sindano mpya inakuja na kijiti chake, sumaku yake na raba yake, hivyo kila ukibadilisha sindano umebadilisha kile kinachozeeka kwa joto. Mwili mmoja unapokea sindano za familia nzima: ya mviringo kwa zile santuri zilizochakaa, ya duaradufu kwa zilizo nzima, na ipo hata ya santuri za 78, nene, kwa wenye bahati ya kurithi za enzi za Siti binti Saad, aliyekwenda Bombay kurekodi mwaka 1928. Mzee alichukua ya mviringo na ya duaradufu.

Mkeka wa mpira tuliuacha. Kuna mikeka ya shaba na ya aluminiamu inayouzwa kwa maelezo ya kutawanya joto, na mimi siipendekezi hapa. Mpira unaitenga santuri na joto la mota na chasisi, wakati chuma kinalipitisha, na mkeka wa unene tofauti unadai mkono upimwe urefu upya. Kikombe cha mafuta ya silikoni cha kutuliza mkono kilizungumzwa pia. Kinasaidia kweli kwenye santuri zilizopinda, ila mafuta yenyewe yanakuwa mepesi joto likipanda, hivyo yanapungua kazi siku unayoyahitaji zaidi. Tulikiahirisha.

Ningekuwa naanza kutoka sifuri na mtu asiye na pleya, ningemtajia pia njia ya mkono mwepesi. Pro-Ject Debut Carbon EVO ina mkono wa kaboni wenye uzito tendaji wa gramu 6, na umeme wake unapitia adapta iliyo nje, kwa hiyo hata joto la transfoma haliko ndani ya chasisi. Ile katriji ya unyumbufu 20 ikifungwa hapo inatikisika kwa 9.5, na raba ikilegea kwa theluthi inabaki juu ya 8. Katriji ileile, joto lilelile, mkono mwingine, na kesi haipo. Aliye Limuru au Njombe ana shida ya upande wa pili: asubuhi raba inakuwa ngumu, sauti nyembamba, herufi za "s" zinakwaruza, na mkono mwepesi wenye katriji ngumu ungemtesa. Ushauri wa vipuri bila kuuliza mtu anakaa wapi haunisaidii.

Kufunga na baada yake

Katriji mpya ilifungwa kwa kipimo cha mashine hii, milimita 52 kutoka kwenye raba ya shingo ya kichwa hadi nchani mwa sindano. Uzito ukawekwa gramu 2. Wapo wanaoshauri kupunguza uzito wakati wa joto ili kijiti kisilale. Ndani ya kiwango cha mtengenezaji, ambacho hapa ni 1.8 hadi 2.2, unaweza kusogea. Chini ya hapo sindano inaanza kurukaruka ndani ya mfuo bila wewe kuiona, na uharibifu wake ni mkubwa kuliko wa uzito uliozidi kidogo. Urefu wa mkono niliurekebisha alasiri, raba ikiwa imeshalainika, kwa sababu hizo ndizo saa ambazo mzee anasikiliza.

Santuri ya kupimia ilipigwa tena saa tisa. Mkono ulitikisika kidogo kwenye 9 na chini ya hapo ukatulia. Koni za spika zilisimama. Tulijaribu zile 45 zilizokuwa zikiruka, na nyingi zilipita. Zilizobaki zimepinda kiasi kwamba hakuna mkono utakaozifuata, na nilimwomba asizibane kati ya vioo na kuzianika juani kama alivyoshauriwa na wengine. Vinaili inaanza kulegea karibu na nyuzi 60, kioo juani kinaweza kuikaribisha huko, na mifuo inalainika pamoja na mkunjo. Zikae wima, zimebanana kiasi, mahali penye kivuli.

Sindano ya akiba inawekwa kwenye chombo kinachofunga vizuri pamoja na vipakiti vya kunyonya unyevu, kabatini. Friji haifai, ukiitoa inatoa jasho na maji yanaingia kwenye raba na kwenye gundi ya almasi.

Sasa anataka kuziingiza zile 45 kwenye kompyuta kwa ajili ya wajukuu walio mbali. Nimemshauri afanye kazi hiyo saa zilezile kila siku, ikiwezekana baada ya kusi kuanza, na kwenye jina la kila faili aandike sindano iliyotumika na nyuzi zilizosomwa pembeni mwa sahani. Wimbo mmoja ukirekodiwa kwa 26 na wa upande wa pili kwa 33, hata kwa katriji hii mtu makini atasikia tofauti, na ni vyema ajue ilitoka wapi.